Boti pia iwe na chesisi namba

Mhariri, naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hizi boti za kutembeza watu ziwani. Za uvuvi naziacha, zina mambo yake na watu wa BMU, zile kamati za ufuo zinazosimamia uvuvi, wanazijua moja moja hata gizani. Nasema zile za faiba zenye zinaongezeka kila siku pale Dunga na Hippo Point mpaka kule Naivasha, mtu ananunua mitumba Mombasa ama kwa mzungu anayehama, anabeba kwa trela, anapiga rangi mpya, anaandika jina la bibi ubavuni na wikendi inayofuata iko majini na watoto wa shule ndani.

Sasa muulize mwenyewe, hii boti ni gani? Atakuonyesha nambari imepakwa na brashi huko mbele, kisha atatoa agrimenti kwa bahasha. Soma hiyo agrimenti vizuri. Mara nyingi nambari iko hapo ni ya injini! Na injini ya boti si mali ya kukaa, ile ndogo ya nguvu ya farasi 15 inashikwa na skrubu mbili tu, jioni kijana anaifungua anabeba begani ikalale kwa nyumba juu ya wezi, kesho ikiharibika unaazima ya shemeji. Kwa hivyo karatasi inaongea juu ya kitu kingine na boti iko hapo haina jina kamili. Gari hata ubadilishe injini mara ngapi chesisi iko na logbuku inaijua, hata bodaboda iko nayo.

Na si ati hiyo namba haipo duniani. Marekani waliweka sheria tangu Novemba 1972, kila boti ikitoka kiwandani inachongwa herufi na tarakimu 12 pale nyuma, upande wa kulia ukiwa umeangalia mbele, karibu na ukingo wa juu. Tatu za kwanza ni alama ya mwenye aliitengeneza, tano zinafuata ni za boti yenyewe, halafu kuna herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L ni Disemba, tarakimu moja ya mwaka iliotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Hawatumii I, O wala Q kwa zile tano ndio mtu asichanganye na 1 na sufuri. Za Ulaya ni karibu hivyo hivyo, ila zinaanza na nchi, GB, FR, IT na kadhalika. Na kuna ya pili, hiyo inafichwa ndani ama chini ya kitu kimefungwa, ndio mwizi akisaga ya nje bado boti ijulikane.

Hiyo ya kufichwa ndio ilisaidia jirani yangu. Dalali mmoja alimuuzia boti akiapa ni ya 2012. Tulipopitisha kidole pale nyuma kulia tukasikia bonde kidogo, rangi iko sawa kabisa lakini chini yake ni fila, mtu alipita na grainda. Tukafungua kile chuma cha kufungia kamba na hapo chini tukapata namba safi inaanza na GB na inaishia na 99. Yaani boti ya 1999 imeuzwa bei ya kijana! Na umri si maneno ya bei peke yake mhariri, boti nyingi za faiba zina ubao ndani pale nyuma injini inakaa, maji yakiingia kwa matundu ya bolti ule ubao unaoza pole pole na wewe kwa nje unaona inang'aa tu, mpaka siku unapiga gia na abiria kumi na injini inaanza kucheza.

Nimesikia wengine wakisema hayo ni ya Wazungu, sisi mashua zetu zinatengenezwa na mafundi chini ya mti. Sawa, lakini hata huko Marekani mtu akijijengea boti nyumbani serikali ya jimbo inampatia namba, ya Florida kwa mfano inaanza na FLZ. Mbona fundi wa Usenge ama Mbita asipewe herufi zake tatu? Kwa mbao unachoma na chuma moto, kwa faiba unachonga kabla ya kupaka rangi, hata chai haijapoa umemaliza. Na huyo fundi jina lake litatembea na kazi yake, mzuri atatafutwa na wale wa kubandika bandika watajulikana.

Halafu tukumbuke hili Ziwa Victoria si letu peke yetu, Kenya tuko na kama asilimia 6 tu, kubwa yote ni ya Uganda na Tanzania. Rangi inakwanguliwa usiku mmoja na asubuhi boti yako iko upande ule na nambari ingine, utaenda kusema nini polisi, ati ilikuwa ya bluu?

Kwa hivyo ombi langu kwa KMA, ile mamlaka ya serikali ya vyombo vya majini, na kaunti: mkikuja kukagua na kuhesabu laifjaketi, kujeni pia na tochi. Angalieni ile namba ya bodi, pigeni picha ya nje na ya ndani, muilinganishe na cheti, na boti yenye haina ichongewe hapo hapo kabla haijapewa laisensi. Na nyinyi mnaonunua, kabla hujatuma hata shilingi ya deposit, mwambie dalali afungue hicho chuma cha kamba ukiwa hapo. Akianza kusema skrubu zimeshika kutu, enda na pesa yako.

Mwenye boti,
Dunga, Kisumu