Mlango wa gari umeshuka? Kitasa hakina kosa

Wiki iliyopita kaka mmoja katuletea IST yake ya teksi, mlango wa dereva akitaka kuufunga anaunyanyua na goti kwanza ndo anausukuma, anasema ashazoea. Kuna fundi kamuuzia kitasa kipya, mlango uko vile vile.

Jamani, mlango unabebwa na bawaba mbili, na ndani ya kila bawaba kuna pini inazunguka kwenye bushi, yaani kibomba kidogo kinachoishika hiyo pini. Bushi ikiliwa pini inacheza, mlango unalala upande wa kitasa. Mara nyingi inaanza ya juu, maana uzito wa mlango unaivuta muda wote.

Jipimie mwenyewe: fungua mlango nusu, shika kwa chini upande wa kitasa, unyanyue, mwenzio aangalie bawaba. Kama bawaba nzima inasogea kwenye bodi, hizo ni bolti zimelegea na hiyo unaimaliza nyumbani bila hata kutupigia. Weka jeki chini ya mlango, juu yake kipande cha mbao na tambara rangi isichubuke, chora kuzunguka bawaba na maka peni ujue ilikaa wapi, legeza bolti kidogo tu (usizitoe, mlango ni mzito huo!), pandisha jeki taratibu mpaka mwanya kati ya mlango na bodi ulingane juu na chini, kaza. Hapa tunaongelea milimita mbili tatu, wengine wanapandisha kama wanatoa tairi halafu mlango unaanza kugonga juu.

Ikicheza pini yenyewe, bushi zimekwisha. Bawaba zingine pini inatoka kwa panchi na nyundo unaweka bushi mpya, zingine haitoki, hapo ni kubadili bawaba nzima au fundi wa kukereza akutengenezee bushi. Hiyo tuletee, kuangalia ni bure.

Ila naomba sana, kile kichuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa usikishushe kiufuate mlango. Utafunga ndiyo, lakini bawaba inaendelea kuliwa, raba ya juu haikai vizuri, mvua ikinyesha unaloa bega ukiwa ndani ya gari.

Yule kaka tulimbadilishia bawaba ya juu tu. Juzi kapita hapa, mlango unafunga kwa vidole viwili, ila goti bado linanyanyuka lenyewe.