Goti la mtoto nalo huweza kunusurika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu upasuaji wa saratani ya mifupa kwa watoto. Wazazi wakitajiwa osteosakoma, aina mojawapo ya saratani hiyo, husikia jambo moja tu, kukatwa mguu, na wapo wanaomtorosha mtoto wodini akachuliwe nyumbani. Wachache wanajua habari za goti la chuma, ambalo kwa mtoto wa miaka tisa hulegea na kubadilishwa tena na tena, naye angali anarefuka.

Lisilosemwa ni kwamba hata goti lenyewe huweza kubaki. Uvimbe huu hupenda kuota karibu na goti, hasa mwishoni mwa mfupa wa paja. Picha ya MRI ikionyesha kwamba ncha inayounda goti haijaguswa, na uvimbe umeitikia dawa zinazotolewa kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji, daktari huweza kukata juu ya ncha hiyo na kuiacha pamoja na kano zake. Gegedu la ukuaji la muundi, ng'ambo ya goti, nalo huendelea kuurefusha mguu.

Pengo la mfupa uliokatwa je? Huko Kanazawa, Japani, daktari wa mifupa Hiroyuki Tsuchiya na wenzake hukwangua uvimbe kwenye kipande kilichokatwa, wakakizamisha kwa dakika 20 katika naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ili kuua saratani iliyobaki, kisha wakakirudisha kwa mwenyewe na kukifunga kwa bamba na skrubu. Naitrojeni hiyo ndiyo ileile inayotunza mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe hapa kwetu Usa River, kwa hiyo anayedai kwamba tiba hii haituhusu atafute sababu nyingine. Hatari zipo: mfupa huo hukawia kuunga, huweza kuvunjika, na usaha ukiingia mambo huharibika.

Ombi langu kwa hospitali za wilaya ni dogo: mkishuku saratani, msichukue kinyama cha vipimo, bali mpelekeni mtoto kwa daktari atakayempasua. Nilipokuwa kazini tulimpokea binti ambaye kovu la kipimo hicho lilikingama mbele ya paja, vidole viwili juu ya goti. MRI ilionyesha ncha ya mfupa ni safi, lakini nyama zote zilizopitiwa na kisu kile, kwa kuwa huenda kilizipaka saratani, zililazimika kuondolewa pamoja na uvimbe, na goti likaenda nazo.

Muuguzi mstaafu,
Arusha