Mjane haambiwi tu "punguza mawazo"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu kuhusu wajane, maana nimekiona ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mzee alifariki kwa ajali ya gari 2019, taarifa ikaja kwa simu saa nane usiku na aliyepokea ni mama. Toka siku ile simu yake ikawa inakaa kabatini imeviringishwa kwenye kanga, ikiita tu mikono inatetemeka mpaka anaweka kikombe chini. Usingizi hakuna. Tukampeleka hospitali, wakapima presha, wakampa vidonge, akaambiwa mama punguza mawazo. Sawa, anapunguzaje? Hayo mawazo ni yapi hakuna aliyeuliza. Na sisi nyumbani ndo kabisa, kila akimtaja mzee tunamkatisha, mama jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, tukidhani tunamsaidia. Matanga yakaisha watu wakatawanyika, ndugu wa mzee walirudi mara moja tu, kuulizia shamba.

Aliyemsaidia ni nesi mmoja mstaafu anayesali na mama. Kila Alhamisi wanakaa chini ya mwembe, hamhubirii, anauliza na kusikiliza basi. Wiki ya tano hivi mama akasimulia usiku ule wote, nani alipiga, alisemaje, yeye alivyokaa sakafuni mpaka kunakucha bila kutuamsha. Mimi niko karibu naosha vyombo, mtoto wake wa kwanza, ndo nayasikia hayo kwa mara ya kwanza, miaka 2 imeshapita!

Zimbabwe kitu kama hiki wamekifanya huduma kabisa. Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, wanakaa nae kwenye benchi nje ya kliniki. Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, yaani yale yale ya mama. Utafiti wao wa 2016 ulikuwa na watu 573, si wajane peke yao, na baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa kwetu wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao na wanajua kila mlango. Wafundishwe hili jamani, na wampitie mjane baada ya arobaini, nyumba ikishabaki kimya, sio wakati wa msiba ambapo watu wamejaa. Wakiona mtu anataka kujidhuru wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na waende na msaidizi wa kisheria, maana huwezi kumtuliza mtu moyo huku shamba lake linapimwa na mashemeji.

Mama sasa hivi mchana simu anaiweka mezani na anapokea. Usiku bado inarudi kabatini. Alhamisi hakosi.

Mtoto wa mjane,
Morogoro