Kitambaa ni kazi ya mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu wanaokarabati wenyewe gari la zamani, na wale wachache wanaothubutu kuingia na mkasi na kopo la gundi ndani ya ndege ndogo ya injini moja. Siwakatazi. Kazi hii inafanyika nyumbani, na mwenye subira huimaliza vizuri kuliko fundi mwenye haraka. Ninachokilalamikia ni mpangilio. Karibu kila anayeanza huanzia kwenye kitambaa. Atachagua rangi, atanunua ngozi, atashona viti, na baada ya masika ya kwanza ndipo atagundua kwamba chini ya zulia jipya sakafu inaoza.

Kwa hiyo maji kwanza. Kwenye gari, toa viti, zulia na vibao vya milango, kausha sakafu kabisa, kisha mtu mmoja aingie ndani na tochi na mwingine amwage maji kwa mpira akiwa nje. Anzeni chini mkipanda juu: kingo za sakafu, milango, kioo cha mbele, mwisho paa. Kila sehemu ipewe dakika 5 nzima. Mkianzia paani, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Maji yanayoonekana miguuni pa dereva mara nyingi hayakuingilia hapo. Yamepita chini ya mpira wa kioo cha mbele au kwenye mfereji wa hewa ulioziba majani, yakafuata bomba la waya hadi chini.

Mlango unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi hujiharibia kazi. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa dirisha na kuingia ndani ya mlango kila siku, ndivyo ulivyoundwa. Hutoka nje kupitia matundu ya chini. Kinachoyazuia yasifike upande wa abiria ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kibao. Mtu akifungua mlango, huichana nailoni na kuitupa akidhani ni uchafu wa kiwandani. Miezi michache baadaye kibao kipya kimevimba na zulia linanuka. Kata nailoni nyingine ya unene wa mikroni 150 hadi 200, ibandike kwa utepe wa butili (aina ya mpira unaonata), na ncha yake ya chini iingize ndani ya mlango ili tone likishuka lirudi kule lilikotoka. Usitumie silikoni yenye harufu ya siki: ile asidi yake huanzisha kutu kwenye chuma. Na ukibandika pedi za kupunguza kelele, acha matundu ya chini wazi. Pedi hizo wala hazihitaji kufunika bati lote. Robo ya eneo, katikati ya bati ambapo hutetemeka zaidi, inatosha kuua mlio.

Kutu ya juujuu huondoka kwa brashi ya waya, dawa na praima. Bati lililotoboka likatwe mpaka kwenye chuma kizima, lichomelewe kipande kipya cha unene ule ule. Kupaka faibaglasi juu ya kutu ni kufungia maji ndani, na sakafu itaendelea kulika mahali usipopaona. Pale bolti za viti na mikanda zinaposhika, kukata na kuchomelea hakuna mjadala kabisa. Bolti ya mkanda katika magari mengi sana ni ya 7/16 ya inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi. Iwe ile ya mkanda, si bolti yoyote iliyokubali kuingia kwenye tundu.

Kwenye ndege maji hayaleti kutu nyekundu. Alumini hutoa unga mweupe, kisha malengelenge, kisha hubanduka matabaka kama karatasi. Adui ni lile pamba la faibaglasi lililogundishwa ukutani zamani ili kuzuia kelele na baridi: hunyonya maji ya mlangoni na madirishani, likayashikilia kwenye bati miaka na miaka. Libandue kwa kibanzi cha plastiki, si cha chuma. Bati la ubavuni mara nyingi halifiki milimita 1, na mkwaruzo mmoja wa kina unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Msasa wa nyuzi za chuma na brashi ya waya visiingie humo kabisa, kwa kuwa chembe zake hubaki kwenye alumini na kuianzishia kutu mpya. Tumia sifongo ngumu ya nailoni, safisha, paka praima ya epoksi. Ukiona malengelenge au matabaka, weka vifaa chini umwite fundi wa ndege mwenye leseni. Hilo si suala la mapambo tena.

Jambo la pili ni moto, na hapa ndipo hodari wa viti vya gari anapopotea. Kanuni ya Marekani ya vitambaa vya ndani ya gari, FMVSS 302, inaruhusu kitu kiwake mradi moto usitambae kwa zaidi ya milimita 102 kwa dakika kikiwa kimelazwa. Dereva anaweza kusimama na kushuka. Rubani hawezi. Kipimo kinachotumika sana kwa vitambaa vya ndege kinakining'iniza kipande wima, moto unawekwa chini yake kwa sekunde 12, unaondolewa, na kitambaa lazima kijizime chenyewe ndani ya sekunde 15, sehemu iliyoungua isizidi inchi 8, na tone linalodondoka lisiwake zaidi ya sekunde 5. Kitambaa kizuri cha gari kinaweza kupita kipimo cha kwanza na kuteketea chote kwenye cha pili.

Kuna mtego mwingine ambao hata wazoefu huusahau. Kitambaa kinaweza kufaulu peke yake, sponji ikafaulu peke yake, na viwili vikigundishwa pamoja vikashindwa, kwa sababu gundi ndiyo inayowaka. Pimisha mkusanyiko mzima kama utakavyokaa kwenye kiti. Vilevile kitambaa cha pamba au sufu kilichotiwa dawa ya kuzuia moto kinaweza kupoteza dawa hiyo kikifuliwa, na cheti cha zamani hakisemi lolote juu ya kitambaa kilichokwisha kufuliwa.

Uzito nao usidharauliwe. Tuseme ndege ina kilo 650 ikiwa tupu, na kitovu chake cha uzito kiko mita 1.00 kutoka mstari wa kupimia. Umetoa zulia na pamba la zamani, kilo 8, vilivyokuwa mita 1.9 nyuma ya mstari huo. Umeweka zulia nene na pedi za kelele, kilo 13, mahali pale pale. Uzito sasa ni kilo 655, momenti (uzito mara umbali) imetoka 650 ikafika 659.5, na kitovu kimerudi nyuma karibu milimita 7. Zile kilo 5 ni kama lita 7 za petroli ambazo hutazibeba tena ukiwa umejaza ndege hadi kikomo. Kwa injini inayokunywa lita 35 kwa saa, ni dakika 12 za kuruka. Pedi nzito za butili zinazofaa gari ndizo zinazoleta hesabu hii. Pima kila unachotoa na kila unachoingiza, andika umbali wake, na mpe fundi mwenye leseni hesabu hizo asahihishe karatasi za uzito wa ndege.

Kabla ya kurudisha viti vya ndege, lala sakafuni uangalie reli. Kwenye ndege za Cessna za injini moja, pini ya kiti huingia kwenye matundu ya reli, na matundu hayo hulika. Kiti kikiteleza nyuma wakati wa kupaa, rubani huvuta usukani bila kutaka, pua ikapanda, na ajali za namna hii zimeua watu. Ndiyo maana mamlaka ya anga ya Marekani imetoa agizo la lazima la kukagua reli hizo: tundu lililopanuka kuzidi inchi 0.36 linaifanya reli ibadilishwe. Zulia jipya nene linaweza kuzua hatari ile ile hata kwenye reli isiyolika, kwa kukaa chini ya kiti na kuizuia pini isizame. Likate liwe mbali na reli, na mbali na swichi ya kuchagulia tangi la mafuta, pedali na kamba za usukani. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, kanyaga pedali mpaka mwisho, sogeza kila kiti kwenye kila tundu ukisikiliza pini ikiingia.

Sasa ndipo tufike kwenye kitambaa. Dari ya gari inayoning'inia haikushindwa na gundi peke yake. Ile sponji nyembamba iliyo mgongoni mwa kitambaa imegeuka unga. Ukigundisha kipya juu ya unga huo, utakuwa umekigundisha kwenye vumbi. Toa ubao wa dari nje, sugua kwa brashi laini mpaka mkono ukipita haubebi kitu, halafu tumia gundi inayostahimili joto. Paa likikaa juani hufika nyuzi joto 70 za Selsiasi na zaidi, na gundi ya kawaida hulainika hapo. Paka pande zote mbili, ngoja mpaka ukigusa isinate kidoleni, kisha bandika kuanzia katikati ukielekea pembeni kwa kiganja. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi hupata madoa yaliyopenya upande wa mbele.

Kuhusu kushona nitasema kidogo, maana wengi wanakujua. Fumua kiti cha zamani mshono kwa mshono ukitie alama kabla ya kukitenganisha, lakini usikifuate kama kielelezo bila kufikiri, kwani kitambaa kilichokaliwa miaka 30 kimetanuka. Uzi uwe wa poliesta au nailoni. Wa pamba huozeshwa na jua. Hatua ya mshono kwenye ngozi iwe milimita 3.5 hadi 4, kwani zikisogeleana zaidi sindano inakuwa imetoboa mstari wa kuchania. Na kati ya springi na sponji rudisha gunia. Bila gunia springi huikata sponji mpya, na kiti kizuri kinabonyea upande mmoja.

Vibao vya plastiki vya ndege hupasuka kwenye skrubu kwa sababu zimekazwa mno na plastiki haina pa kutanukia. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, gundisha kwa nyuma kitambaa cha faibaglasi, panua kidogo tundu la skrubu, kaza mpaka iguse tu. Madirisha ya ndege ni akriliki, yaani plastiki angavu: yasafishwe kwa maji na sabuni laini. Dawa za kioo zenye amonia, na asetoni, huyajaza nyufa ndogondogo zinazong'aa juani zikamfumba rubani macho.

Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, rubani mmiliki anaruhusiwa kutengeneza mapambo ya ndani mradi hagusi muundo mkuu wala mfumo wa uendeshaji, na lazima aandike kwenye kitabu cha ndege alichofanya na tarehe, atie sahihi, namba na aina ya leseni yake. Usajili wa nchi nyingine una sharti lake. Liulizwe kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa. Mikanda ya ndege isishonwe nyumbani: iende karakana iliyoidhinishwa na irudi na lebo yake. Vyeti vya moto vihifadhiwe pamoja na kitabu hicho, na kila cheti kibanwe na kipande cha kitambaa chenyewe, kwa sababu mkaguzi atakayekuja miaka kumi baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba karatasi ile inakihusu kiti kile.

Msomaji wako