Malalamiko: chumba kimoja tiketi mbili, na wanangu hawamo kwenye orodha ya abiria

Mwanza

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria

Ndugu Meneja,

YAH: CHUMBA KUUZWA MARA MBILI NA ORODHA YA ABIRIA ISIYO SAHIHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilipanda meli yenu hapa Mwanza, safari ya kuzunguka ziwa kupitia Nansio na Rubondo hadi Bukoba na kurudi. Nilikuwa na mama yangu mzazi, mtu mzima anayetembelea mkongojo, na wanangu wawili. Nililipia chumba cha vitanda vinne daraja la pili, na karani wenu alinihakikishia kwamba mama atapata kitanda cha chini.

Tulipofika mlangoni tukakuta familia kutoka Sengerema wameshatandika. Tiketi yao ina namba ileile ya chumba, muhuri uleule, tarehe ileile. Hawakuwa na kosa lolote, na hata walitaka kumpisha bibi akae. Mhudumu alipoitwa, alitazama tiketi zote mbili, akachukua begi letu na kusema, "Mama, nifuateni, nafasi zipo." Mama na mwanangu mkubwa wakapelekwa chumba cha chini kabisa, jirani na injini. Mimi na mdogo tukapandishwa juu. Ngazi iliyotutenganisha ni ya chuma, nyembamba, na mama hawezi kuipanda bila kushikwa mkono. Mtu wa umri wake anaanzaje safari ya siku kadhaa kwa kulazwa mahali ambapo akihitaji maji usiku hana wa kumwita ila mtoto?

Hayo ya kitanda ningeweza kuyameza. Lililonifanya niandike ni jingine.

Nilimwomba mhudumu aandike kwamba tumehamishwa. Akanijibu kwamba haina haja, anatukumbuka kwa sura. Nikaenda kaunta kuiona orodha. Jina langu na la mama yalikuwapo, yote mawili yamewekwa kwenye chumba ambacho hatukulala. Majina ya wanangu hayakuwapo kabisa. Karani akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba watoto wanapita na mama yao.

Ndugu Meneja, mnafanya kazi Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na mji huu, na mpaka leo watu wanabishana juu ya idadi ya waliokuwamo, kwa sababu meli ilibeba watu kupita kiasi na orodha haikuwa ya kuaminika. Mama yangu alimpoteza dada yake siku ile. Mwili haukuonekana, na familia haina hata karatasi moja inayoonyesha kwamba marehemu alipanda. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, na yakaulizwa maswali yaleyale: walikuwa wangapi, akina nani? Kwa hiyo karani anaponiambia kwamba watoto wanapita na mama yao, mimi nasikia kwamba likitokea la kutokea hakuna atakayejua kuwa wanangu walikuwamo. Na mzamiaji atakayetumwa kumtafuta mama yangu atatumwa chumba kisicho chake.

Kuna na hili la sanduku la majaketi ya kujiokolea kwenye sitaha ya juu. Lilipakwa rangi nyeupe hivi karibuni, na aliyepaka alipaka pamoja na kufuli. Tundu la ufunguo limejaa rangi iliyokauka. Nililigusa kwa kidole changu. Meli iling'oa nanga bila mtu yeyote kutuonyesha namna ya kuvaa jaketi wala mahali pa kukusanyika honi ya hatari ikipigwa. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama Italia mwaka 2012, huku baadhi ya abiria wakiwa hawajapewa mazoezi hayo, kanuni za kimataifa zilibadilishwa: tangu 2015 meli za safari ndefu baharini lazima ziwafanyie abiria mazoezi kabla ya kuondoka au mara tu zinapoondoka. Sioni kwa nini abiria wa ziwa hili wathaminiwe pungufu.

Chakula kilikuwa kizuri, sato alikuwa mbichi kweli, na mabaharia waliombeba mama wakati wa kushuka Bukoba nawashukuru kwa dhati. Malalamiko yangu hayawahusu.

Naomba mambo yafuatayo. Mnirudishie nauli ya chumba nilichokilipia nisikipate. Kila abiria, hata mtoto wa mgongoni, aandikwe kwa jina na kwa chumba anacholala, na akihamishwa orodha irekebishwe kabla meli haijaondoka gatini, nakala moja ibaki nchi kavu. Kufuli lile likatwe leo, msisubiri safari ijayo.

Nakala ya barua hii naipeleka TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, pamoja na picha ya sanduku na tiketi zote mbili. Wenzetu wa Sengerema wameniruhusu kutumia yao. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Simu ya kunituliza sitaipokea.

Wako,
Abiria wa daraja la pili, mkazi wa Kirumba