Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya mahindi

Wanangu wa Mbozi, Rungwe, Kilolo na Makambako,

Salamu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Msimu huu mmekataa UH6303, mbegu chotara ya mahindi iliyotoka kituo cha utafiti cha hapahapa Uyole, Mbeya, kwa sababu sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe imesema mbegu zote za dukani ni feki. Wiki hiyohiyo, gulioni, mkagombania chupa za "busta", dawa ya kunyunyizia eti mahindi yakue haraka, kwenye gari lenye spika. Hakuna risiti, hakuna lebo, na muuzaji kesho hamjui atakuwa wapi. Halafu mnajiita wajanja wasiodanganyika!

Hamkupima chochote, si mbegu, si chupa. Basi tupime.

Mbegu inunuliwe Oktoba, isingoje mvua ya Novemba. Chukua punje 100 kutoka sehemu mbalimbali za mfuko, si za juu tu. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kikunje, ukitie kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa. Baridi yetu mnaijua, kwa hiyo weka penye joto, ila mbali na vyombo vya chakula, maana ile rangi kwenye punje ni dawa. Osha mikono. Kitambaa kisikauke, wala kisielee majini. Punje zikikosa hewa zitaoza, nawe utaisingizia mbegu. Siku ya 7 hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikifika 90, panda kwa raha. Zikiwa 75, afadhali urudishe. Zikiwa 50, rudisha bila kubembeleza, na risiti mkononi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mnaponichosha. Mbegu iliyopita kipimo hicho ikishindwa shambani, msikimbilie neno feki. Mlipanda mvua ya kwanza, kukafuata jua la wiki mbili? Mlifukia zaidi ya sentimita 5? Mliweka kisoda cha mbolea ya DAP kisha punje juu yake bila kutenganisha kwa udongo? Mbolea huunguza mzizi mchanga. Mfuko ulikaa wiki tatu chini ya bati la moto? Fukua mashimo 10 utazame. Punje iliyooza, iliyoungua na iliyoliwa na panya hazifanani, na shimo tupu nalo lina habari yake.

Busta nayo ina kipimo. Acha mistari 3 katikati ya shamba bila kunyunyizia, mbegu na mbolea zikiwa zilezile, uweke vigingi. Wakati wa kuvuna, pima uzito wa mistari 3 ya busta na ile 3 isiyo nayo. Ukinyunyizia shamba zima, mvua ikiwa nzuri chupa ndiyo itasifiwa.

Shaka yenu siwalaumu kwa yote. Mbegu bandia zipo kweli, na wapo wanaofungua mifuko na kuuza punje kwa kopo. Bwana shamba mmoja anahudumia vijiji vingi. Wengine wanamwona kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane tu, pale viwanja vya John Mwakangale. Redio zetu nazo zinampa kipaza sauti kila mwenye hela ya tangazo, kisha zinanawa mikono. Mtu aliyeachwa peke yake ataamini anayemfikia kwanza. Mnaikumbuka DECI? Watu waliambiwa "panda mbegu" uvune pesa, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Ulikuwa upatu tu: aliyevuna alilipwa kwa pesa ya aliyepanda nyuma yake. Na wengi waliingia kwa kuwa jirani alishalipwa. Jirani hakudanganya, ila malipo yake hayakuonyesha pesa ilitoka wapi.

Mengine kwa ufupi. Nunua duka la pembejeo lenye mlango na jina. Kwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hakiki namba kwa simu. Sauti ya WhatsApp, uliza nani, wapi, lini, isipojibu, usiisambaze. Muulize kila muuzaji, mimi nikikosa mavuno wewe unapoteza nini?

Mkishapanda, msichome mfuko. Tunzeni lebo, risiti na punje 100 pakavu mpaka mahindi yatoe mbelewele, ili mkienda kulalamika muwe na cha kuweka mezani.

Mzee wenu, Uyole