Barua ya malalamiko: chupa ya bakteria ya "weka samaki leo"

Dar es Salaam

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: BAKTERIA WA CHUPA WALIOSHINDWA KAZI NA SAMAKI WALIOKUFA

Ujumbe wangu wa simu mmeujibu kwa "tunalifanyia kazi", kisha kimya. Ndiyo maana sasa naandika barua, niwe na nakala yangu na ninyi muwe na yenu.

Nilinunua dukani kwenu, kwa shilingi 38,000, chupa ya mililita 250 ya bakteria wa kuondoa amonia, yaani sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Risiti ninayo, na kivuli chake nimekiambatisha. Maandishi ya kiwandani ni ya kigeni, lakini mbele ya chupa ipo stika ya Kiswahili yenye jina la kampuni yenu, na kwa herufi kubwa kuliko zote inasema: "Tanki tayari papo hapo. Weka samaki leo." Ahadi hiyo ndiyo ninayoilalamikia. Haikutoka kwa mtengenezaji wa ughaibuni, imeandikwa na ninyi.

Tanki langu ni la lita 100. Nililiandaa kwa ajili ya samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika waitwao Neolamprologus multifasciatus, wale ambao hata mkubwa wao hafiki urefu wa kidole na hukaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Maji yalikuwa ya bomba, nikayatia dawa ya kuondoa klorini. Filta ilikuwa mpya, hita iko kwenye nyuzi 27, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8.4 kama samaki hao wanavyopenda. Nilitikisa chupa, nikamimina kipimo kilichoandikwa, na samaki wakaingia siku hiyohiyo kama stika inavyoelekeza.

Kwa asiyewajua samaki hawa, nieleze kidogo. Multifasciatus haendi mbali na gamba lake. Ukipitisha kivuli cha mkono juu ya kioo, wote wanazama ndani na tanki linabaki kama halina kiumbe. Hivyo nilipoamka nikawakuta wamepanda juu kabisa, midomo kwenye uso wa maji, matamvua mekundu yakifunguka na kufungika haraka, wala hawashtuki nikisogea, sikuhitaji kuuliza mtu kama kuna tatizo. Nilipima amonia kwa vipimo vya matone. Maji ambayo yangebaki ya manjano kama yangekuwa salama yaligeuka kijani kibichi: miligramu 2 kwa lita.

Namba hiyo isomwe pamoja na pH. Sehemu ya amonia inayoua samaki ni ile isiyo na chaji, nayo huongezeka kadiri pH inavyopanda. Kwa nyuzi 27, kwenye maji ya pH 7 sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.4 inafika kama asilimia 14. Kosa ambalo samaki wa maji laini yenye pH ya chini angeweza kulistahimili kwa siku kadhaa, samaki wa Tanganyika analilipia kwa roho. Na wateja wenu wangapi hapa mjini wanafuga samaki wa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa? Rafu zenu zenyewe zimejaa chumvi za kupandisha pH.

Nikapiga simu dukani. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, sina neno naye, ila jibu lake ndilo nadhani amefundishwa: "Mama, hiyo ni kawaida, ongeza chupa nyingine. Na usibadilishe maji, utawamwaga bakteria." Ushauri huo ni wa hatari. Bakteria wanaofanya kazi hii hujishikiza kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe. Wanaoelea majini ni wachache. Kubadilisha nusu ya maji hakuwaondoi, ila kunapunguza sumu kwa nusu palepale. Nilibadilisha maji, na waliopona walipona kwa sababu hiyo. Wengi walishakufa. Yule kijana angekuwa anaongea na mtoto aliyenunuliwa tanki la kwanza, wasingebaki hata hao.

Sasa nije kwenye chupa yenyewe. Nyuma, kwa maandishi madogo, viungo vinatajwa kwa neno moja tu: Bacillus. Bakteria wa Bacillus wapo kweli, na wana manufaa yao. Wanatengeneza mbegu ngumu zinazovumilia kukaa kwenye chupa muda mrefu, na wakiamka hula uchafu, yaani mabaki ya chakula na kinyesi. Lakini uchafu ukiozeshwa hutoa amonia. Wanaoiondoa amonia ni wengine: kundi la Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia vizuri zaidi. Kwamba kwenye matangi ya maji yasiyo ya chumvi kazi hiyo ya pili ni ya Nitrospira, mtafiti Hovanec na wenzake walilionyesha tangu 1998, kwa hiyo si habari mpya kwa mtu anayeuza bidhaa za aina hii. Bakteria hawa hawatengenezi mbegu. Huzaliana taratibu sana, na ndiyo sababu tanki jipya lisilosaidiwa huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Chupani wanahitaji ubaridi; joto kali likiwakalia, wanakufa.

Basi ni mojawapo kati ya mawili. Ama chupa ina Bacillus peke yake, na hapo stika yenu imeahidi kitu ambacho kilichomo hakiwezi kukifanya. Ama ilikuwa na Nitrosomonas na Nitrospira ambao hamkuwataja, na wamekufa kabla ya kunifikia. Semeni ni lipi.

Kwa hilo la pili, nilirudi dukani kuangalia. Chupa zimepangwa rafu ya juu nyuma ya kioo cha mbele, mahali ambapo jua la alasiri linapiga moja kwa moja. Nilishika moja, ilikuwa ya moto. Juu ya chupa hiyohiyo kiwanda kimechora alama ya kipimajoto na ya jua lililokatwa mstari. Hata asiyejua lugha yao angeelewa. Halafu kuna stika ya bei. Imebandikwa juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi, si kwenye chupa yangu tu bali kwenye kila chupa niliyoigeuza. Niliibandua ya kwangu taratibu kwa ukucha. Tarehe ilikuwa imeshapita. Picha nimeziambatisha.

Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kuwashitaki kwa lolote, kwa hiyo nilinunua chupa nyingine kwenu nikaijaribu bila kuhatarisha samaki. Nilichukua ndoo tatu, maji yaleyale, kila moja na jiwe lake la hewa la kutoa mapovu, nikatia chumvi ya amonia kutoka duka la vifaa vya maabara hadi zote zisome miligramu 2. Ya kwanza sikuitia kitu zaidi. Ya pili nilitia bakteria wenu, mara mbili ya kipimo. Ya tatu niliweka kipande cha sponji kutoka kwenye filta ya jirani yangu, ambaye tanki lake limekaa miaka. Ndoo ya sponji ilianza kushuka kesho yake, na wiki haikwisha ilikuwa ya manjano safi. Ndoo yenu na ile isiyotiwa kitu zilibaki kijani, huwezi kuzitofautisha. Kipande cha sponji cha bure kimefanya kazi ambayo chupa ya shilingi 38,000 haikuigusa. Na msiniambie ni klorini iliyowaua bakteria wenu: maji yalikuwa yaleyale kwa ndoo zote.

Sisemi bakteria wa chupa ni utapeli. Zipo bidhaa zinazofanya kazi, zikitunzwa kwenye ubaridi tangu kiwandani na zikauzwa kabla ya tarehe. Nimezitumia huko nyuma, nikaona amonia inashuka ndani ya siku chache. Hasira yangu ni kwamba mnauza kiumbe hai kwa namna mtu anavyouza sabuni, kisha kikifa mnamwambia mteja anunue kingine.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie bei ya chupa zote mbili na bei ya samaki waliokufa, ambao risiti zake pia nimeziambatisha. Muondoe rafuni kila chupa iliyopita tarehe, na zilizobaki zihamie mahali pa baridi. Stika ya "weka samaki leo" iondoke. Mahali pake mtaje bakteria waliomo kwa majina na mumwelekeze mteja apime amonia na nitriti kabla na baada ya kutia samaki. Vipimo mnaviuza wenyewe, hamtapata hasara. Na wahudumu wenu waache kuwaambia watu wasibadilishe maji samaki wakihema juujuu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Likikosekana, nitapeleka malalamiko rasmi Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sidhani kufunika tarehe kwa stika ya bei kunahitaji maelezo marefu mbele yao. Chupa ya pili ina nusu yake bado na nimeihifadhi. Mkitaka kuipeleka maabara kuona kilichomo, nitawakabidhi mbele ya shahidi, mradi na mimi nipewe nakala ya majibu.

Wenu,
Mteja, mfugaji wa samaki wa mapambo

Viambatisho: vivuli vya risiti, picha za rafu na chupa, picha za vipimo vya ndoo tatu.